Torborg Hakuzika Mtoto

Jina la mama yangu lilikuwa kwenye daftari la maziko.

Nililisoma, nikalirudia, kisha nikaweka kidole juu yake kama mtu anayezuia mdudu asikimbie. Ragna Kvamme, binti wa Alvin na Ardis Kvamme. Umri, majuma matatu. Mwaka, 1962. Nje ya dirisha la ofisi ya kanisa jua la Juni lilikuwa linawaka juu ya mashamba ya soya. Na mama yangu, Ragna binti wa Alvin na Ardis, alikuwa amenipigia simu asubuhi ileile kuniuliza kama nimekula, au nimetoka nyumbani na tumbo tupu kama kawaida yangu.

"Vipi, umeona jini?" aliuliza Bi Verna.

Bi Verna ndiye anayeshika funguo za kanisa letu. Alikuwa amesimama kwenye meza ya pili akikata keki ya siagi vipande vya mraba, maandalizi ya sherehe.

"Hapana, Bi Verna," nikasema, maana mimi ni mtu ambaye hata nikikanyagwa mguu ndiye ninayeomba radhi.

Nilikuwa nimekwenda pale kwa kazi ndogo tu. Kanisa la Haugdal, huku kwetu magharibi mwa Minnesota, lilikuwa linatimiza miaka mia na hamsini, na kila ukoo uliotokana na wahamiaji wa kwanza ulikuwa unasimamisha jiwe la kumbukumbu makaburini. Jiwe la kwetu Babu Alvin alishaliamua zamani. Juu kabisa Sjur na Torborg Kvamme, waliotoka Norwe na kasha moja la nguo. Chini yao watoto wao sita. Na chini ya watoto, kwa herufi kubwa, TORBORG HAKUZIKA MTOTO.

Maneno hayo ndiyo fahari ya ukoo wetu. Kuna mwaka dondakoo lilipita mbugani wakati wa baridi kali, likaingia nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ikatoa mtoto. Isipokuwa kwa Torborg. Alipachika magunia kwenye nyufa za mlango, akawafukuza majirani, akamfukuza hata mchungaji. Nimesimuliwa hadithi hiyo kila Krismasi, kwenye arusi, na kila nilipopata homa. Wanawake wa Kvamme hawaziki watoto, ndivyo tunavyosema kwetu, jinsi watu wengine wanavyosema kwao wana sauti nzuri.

Mimi nilisoma historia chuoni, na sasa nafanya kazi maktaba ya mji, kwa hiyo nikapewa jukumu la kumwandikia fundi wa mawe majina na tarehe. Fundi alisema akishapata maandishi Ijumaa ataanza kuchonga, na kilichochongwa kwenye mawe yale magumu hakifutiki. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Ningeweza kuchapa tu nilivyoambiwa. Lakini nilitaka kuweka miaka ya kuzaliwa, nikafungua kurasa za sensa za zamani. Kwenye sensa ya mwaka 1880 wapo Nils, Kari na Ole, na kichanga Brita. Kwenye ile ya 1900 wapo tena Nils, Kari, Ole, Brita, na wadogo wawili, Anna na Lars. Sita, kama Babu alivyosema. Ila Kari aliyekuwa na miaka saba mwaka 1880, miaka ishirini baadaye alikuwa na kumi na sita.

Nilipompelekea Babu jambo hilo alicheka mpaka akakohoa.

"Karani wa sensa huyo, Mmarekani mtupu! Yeye hajui Kinorwe, Torborg hajui Kiingereza. Unafikiri waliambiana nini? Bahati yetu hakumwandika na mbwa."

Kwetu karani huyo ni mzaha wa miaka yote. Umri usipolingana, karani. Jina likikosewa, karani. Nami nikacheka. Kisha niliporudi kwenye ukurasa wa 1900 nikaona kitu ambacho sikuwa nimekitazama. Mwaka ule kila mama aliulizwa amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Kwa Torborg palikuwa na majibu mawili. Kumi na mmoja. Sita.

Mtu anaweza kusikia vibaya umri wa msichana. Lakini watoto watano?

Ndiyo maana nikaja kulifungua daftari la maziko, nikawakuta wote watano. Nils, Kari na Ole walizikwa majira yaleyale ya baridi, majira ya dondakoo, mmoja baada ya mwingine, ardhi ikiwa imeganda. Miaka ya baadaye akazikwa Anna, kisha Lars. Na kila aliyezikwa, mtoto wa jinsia yake aliyefuata kuzaliwa alibatizwa kwa jina lake. Ilikuwa desturi ya wazee wetu, jina lisibaki chini ya ardhi. Nilikuwa naijua desturi hiyo, niliwahi hata kuiandikia insha chuoni. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba Ole ninayetokana naye, babu yake Babu, ni Ole wa pili. Kati ya watoto sita wa jiwe letu, Brita peke yake ndiye aliyekuwa hajarithi jina la maiti.

Nikaona aibu kwa ajili ya Babu, nikafungua faharasa ya majina nyuma ya daftari ili nihakikishe hakuna Kvamme mwingine niliyempita. Ndipo nikamkuta Ragna.

"Bi Verna," nikasema. Nikalisogeza daftari upande wake. "Bi Verna, huyu mtoto ni nani?"

Alifuta mikono kwenye aproni, akaja. Hakuvaa hata miwani.

"Ah," akasema. "Huyo."

"Unamjua?"

"Nilikuwa na miaka kumi na minne. Babu yako alilibeba jeneza mwenyewe. Lilikuwa dogo, binti yangu, ungedhani amebeba viatu vipya."

"Nani mwingine anajua?"

"Wa rika letu? Wote."

"Na mama yangu?"

Bi Verna alirudi kwenye keki yake, akaanza kupanga vipande kwenye sinia, akivisogeza vikae sawasawa.

"Nani angemwambia, Tilda? Na angeanzia wapi? Habari za asubuhi Ragna, unajua wewe ni wa pili? Kula kipande, umepauka."

Sikula. Niliwaza Jumapili zote ambazo watu wale walimshika mama mkono mlangoni pa kanisa, wakamwita kwa jina, wakamuuliza habari za kazini, na kila mmoja wao anajua kwamba mita chache kutoka pale amelala mwenye jina hilo. Nikapiga picha kurasa zote kwa simu, nikatoka, nikakaa garini muda mrefu bila kuwasha.

Nikawaza jiwe. Likishasimama na maneno yale, yule mtoto hatakuwepo tena popote isipokuwa kwenye daftari linalokaa kabatini. Kisha nikamkumbuka Bibi Ardis. Kila mara Babu anapoanza hadithi ya Torborg, Bibi huinuka mezani kwenda kupasha kahawa. Kila mara. Nilidhani anapenda kahawa ya moto.

Nyumbani kwao walikuwa wanakaribia kula chakula cha mchana. Babu alinisikia mlangoni.

"Ardis, ongeza sahani, msomi kaja! Chuoni wanafundishwa kila kitu isipokuwa kupika."

"Na wewe ulifundishwa wapi?" Bibi akajibu kutoka jikoni. "Hata yai linakushinda. Ingia, mwanangu. Mbona uso hivyo?"

Bibi ni mwanamke mdogo, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Aliniwekea lefse, ule mkate mwembamba wa viazi, akaupaka siagi, akanyunyiza sukari, akaukunja yeye mwenyewe kana kwamba bado nina miaka mitano. Nikaumega. Nikauacha sahanini.

"Fundi umeshampelekea?" Babu akauliza.

"Bado, Babu."

"Unangoja nini? Herufi ziwe kubwa, mwambie. Nataka zisomeke toka barabarani."

"Babu," nikasema nikiitazama sahani, "karani hakukosea."

"Karani gani?"

"Wa sensa. Watoto walikuwa kumi na mmoja. Nimewaona kwenye daftari la kanisa. Kari wa 1880 alikufa. Yule wa 1900 ni mwingine."

Nilitegemea acheke. Nilijiandaa kwa kicheko, na kwa ubishi nilijiandaa pia, hata nilikuwa nimeishika simu mkononi nimwonyeshe. Hakucheka wala kubisha. Alichukua chumvi akanyunyiza kwenye viazi vyake.

"Najua," akasema.

Nikamtazama.

"Baba aliniambia nilipokuwa mvulana. Watano walienda, watano wakarudishwa. Jina likipata mtu, nyumba imetimia. Torborg alisema hakuzika mtoto kwa sababu hakukuwa na jina lake hata moja lililobaki chini. Si uongo huo. Ndivyo walivyoishi."

"Lakini walikuwa watoto wengine, Babu."

"Wewe ulikuwepo?" Aliinua uso. "Ungekuwa na watatu ndani ya ardhi iliyoganda, na ng'ombe wanataka kukamuliwa, ungewaza nini? Ungeandika insha? Maneno yatakaa kwenye jiwe kama yalivyo. Andika ulivyoambiwa, Tilda."

Nyuma yangu maji yalikuwa yanatiririka. Bibi alikuwa ameondoka mezani. Hakupasha kahawa safari hii. Alisimama mbele ya sinki ametupa mgongo, akiosha sufuria ambayo niliiona ni safi.

Sijui niseme nilipata wapi ujasiri, maana haukuwa ujasiri. Ilikuwa kama mtu anayeteleza. Nilifungua picha ya sensa kwenye simu na kuanza kusoma swali la karani kama lilivyoandikwa, kwa sababu kusoma naweza hata nikiwa naogopa.

"Mama wa watoto wangapi?" nikasoma. "Wangapi kati yao wako hai?" Kisha, bila kugeuza kichwa, nikasema, "Bibi?"

Maji yakafungwa.

"Ardis," Babu akasema.

"Watatu," Bibi akasema. "Wawili wako hai."

Wawili ni mama na mjomba wangu anayeishi Fargo. Babu aliweka uma mezani. Mkono wake ulibaki juu ya uma, ukiwa umeukandamiza. Nilidhani atapaza sauti, lakini alikuwa anamtazama mke wake kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake mwenyewe akakuta watu asiowajua.

"Ardis, tulikubaliana."

"Nani alikubali? Mama yako ndiye aliyekubali, Alvin. Nilikuwa bado kitandani, maziwa yananivuja, akaja akasimama miguuni pangu. Unajua aliniambia nini, Tilda? Torborg alikuwa na theluji, alikuwa na dondakoo, hana daktari, na hakuzika mtoto. Wewe una daktari na stovu ya umeme." Aligeuka. Macho yalikuwa makavu kabisa. "Sikuruhusiwa kwenda makaburini. Eti nitapata baridi. Walipotoka kanisani, watu walikuja kunywa kahawa jikoni kwangu, hii hii, na hakuna aliyemtaja. Mama yako alipozaliwa, Tilda, nilitaka aitwe Joyce."

"Joyce!" Babu akasema, na hata katika hali ile alishindwa kujizuia. "Joyce, kama yule shangazi yako muuza vipodozi."

"Alikuwa mwanamke mchangamfu kuliko ukoo wako wote ukiwajumlisha. Na mama yako, Alvin, alishampa mchungaji jina kabla sijashuka kitandani. Na tangu siku hiyo kila nikimwita mwanangu ale, namwita na mwingine, na mwingine haji."

Mimi nilikuwa nalia, ingawa aliyekuwa na haki ya kulia hakuwa mimi.

"Torborg hakuzika mtoto," Babu akasema taratibu. Safari hii halikuwa jibu. "Alisema mwenyewe. Baba alimsikia kwa masikio yake."

Nikamsogezea simu. Aliinyoosha mbali na macho kama wafanyavyo wazee.

"Sjur alikuwa amekufa wakati huo," nikasema. "Watoto wadogo wasingejua hesabu hiyo. Karani alimuuliza yeye, Babu. Mlangoni kwake. Naye akamwambia, kumi na mmoja."

Alitazama muda mrefu. Midomo ilikuwa inahesabu.

"Akamwambia mgeni," akasema.

"Mgeni ndiye aliyeuliza," Bibi akamjibu.

Babu aliiweka simu mezani, uso wake chini. Masikio yake yalikuwa mekundu. Mtu huyu aliniambia nikiwa mdogo kwamba hajawahi kukosea njia maishani mwake, na nilimwamini.

"Yuko wapi, Alvin?" Bibi akauliza.

"Nani?"

"Usiniulize nani. Mwanangu. Umemlaza wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Bibi yangu amekuwa akienda kanisa lile kila Jumapili kwa miaka zaidi ya sitini, akipita kando ya makaburi yale, na hajui ni sehemu gani mtoto wake amelala. Hakwenda siku ya maziko. Jiwe halikuwekwa. Na hakuweza kuuliza, maana kuuliza kungekuwa kumtaja.

"Upande wa kaskazini," Babu akasema. "Karibu na uzio. Nitakuonyesha."

"Twende."

"Sasa hivi? Chakula..."

"Alvin."

Alisimama. Bibi alivua aproni, akachukua simu ya ukutani, akabonyeza namba za kazini kwa mama. Mama ni msaidizi wa daktari wa meno mjini, na hapendi kupigiwa simu kazini.

"Ragna, njoo makaburini Haugdal. Hapana, hakuna aliyekufa." Alihamisha simu sikio la pili. "Yupo aliyekufa, ila zamani. Njoo tu, mwanangu. Endesha polepole."

Kwenye gari alinieleza kwamba atamwambia yeye mwenyewe, nami nisitie neno. Mama alitukuta langoni akiwa bado na sare yake ya buluu, na Bibi akamshika mkono, akamtenga na sisi kidogo, akamwambia wakiwa wamesimama. Haikuchukua muda. Niliona mgongo wa mama ukinyooka, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Kisha aligeuka akamtazama Babu.

"Baba, kwa hiyo mimi ni nani?"

"Wewe ni Ragna."

"Na yeye?"

Bibi ndiye aliyejibu. "Naye ni Ragna."

"Miaka sitini," mama akasema. "Miaka sitini, mama! Watu wote hawa?" Aliyazungusha macho kwenye makaburi kana kwamba hata wafu walikuwa wanajua, na wengi wao walijua kweli. Sijawahi kumwona mama akikosa la kufanya na mikono yake. Aliiweka kiunoni, akaitoa, akajishika mashavu.

Babu alikwisha ingia ndani ya nyasi. Alipita mstari wa kwanza wa kaskazini, akasimama, akapiga hatua mbili kushoto.

"Hapa," akasema. Kisha, "Hapana. Uzio ulikuwa upande huu." Alisogea tena. "Misonobari hii haikuwepo. Uzio waliuhamisha walipoongeza eneo... Ngoja kwanza."

Tulingoja. Alizunguka msonobari, akarudi, akapima kwa macho kutoka kwenye mnara wa kanisa. Kofia aliivua. Nilimwona akielewa kabla hajasema, na nilitamani niangalie pembeni.

"Ardis," akasema. "Sipaoni. Mungu wangu, sipaoni tena."

Nilidhani Bibi ataanguka. Badala yake alishuka taratibu mpaka chini, akakaa juu ya nyasi, akanyoosha miguu yake mbele kama msichana aliyechoka kucheza.

"Daftari lina namba ya eneo?" akaniuliza.

Nikaikuza picha kwenye simu. "Limeandika kaskazini, kando ya uzio, Bibi. Basi."

"Basi ni kati ya hapa na pale. Nimekuwa mbali naye kuliko hapa." Aligonga ardhi kwa kiganja. "Mtafute, Alvin. Jua bado lipo."

Babu aliitikia kwa kichwa. Akapiga magoti, yeye na magoti yake mabovu, akaanza kupapasa ardhi kutafuta mahali palipodidimia. Baada ya muda akaniita bila kuinua kichwa.

"Tilda. Mpigie fundi. Ule mstari wa chini autoe."

"Niandike nini badala yake?"

"Watoto kumi na mmoja. Majina yote."

"Atadhani nimekosea, yanajirudia."

"Mwambie hujakosea."

"Na Ragna?"

Babu alimtazama Bibi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza namwona akingoja ruhusa yake.

"Ragna hataingia kwenye jiwe la Torborg," Bibi akasema. "Atapata lake. Kwanza mpate."

Nilisogea pembeni nikampigia fundi, na kweli akaniuliza mara mbili kama sijarudia majina kwa makosa. Niliporudi, mama alikuwa amekaa chini kando ya Bibi na sare yake ya buluu, bado hajaamua, nadhani, kama alie au agombe. Aling'oa jani moja la nyasi. Akaling'oa na jingine.

"Alikuwa na nywele?" akauliza.

"Nyingi," Bibi akasema. "Nyeusi, zimesimama, mpaka wauguzi wakaja kumwangalia. Hakuna aliyejua alizitoa wapi. Wewe ulizaliwa kipara."

"Kipara?"

"Kipara kabisa. Nilikuvisha kofia mpaka ulipoanza kutembea."

Mama akacheka, mara moja tu, akajiziba mdomo kwa mkono. Kisha akasogea karibu zaidi, akauliza kama yule alikuwa analia sana usiku, na Bibi akaanza kumweleza.